Chumba cha Tisa katika Nchi ya Wastani

Ndugu zangu wa darasa la jioni,

Mliponichagua niende Wastani mliniagiza mambo mawili: nikaone jinsi wanafunzi wa huko wanavyohimizwa kuokoa umeme kwa zile mita janja tunazozisikia, kisha niwaandikie yote bila kutia chumvi. La kwanza nimelitimiza. La pili nitajitahidi, ingawa mnanijua: mimi ni mama ambaye mtoto wake hayuko naye, na mtu wa namna hiyo hawezi kuapa kwamba anaona kitu kama kilivyo.

Safari yenyewe siisimulii. Niliondoka, nikafika. Kilichonishika moyo kwanza ni taa. Katika bweni la Kadirio, kubwa kuliko yote nchini humo, kila mwanafunzi ana dawati lake, na kila dawati lina taa yake yenye shingo ndefu, imeinama kama bata anayekunywa maji. Nilisimama mlangoni nikazihesabu mpaka nikachoka. Niliwakumbuka ninyi, watu ishirini na sita chini ya balbu mbili, tumebanana kwenye madawati ya watoto wa darasa la nne, kila mtu akigeuza daftari lake kutafuta mwanga. Nikasema moyoni, laiti ningepata moja tu ya hizi, iwe mezani kwangu, na mwanangu Subilaga amelala pembeni ya ule mwanga.

Giza lilikuwa linaanza kuingia. Hakuna taa hata moja iliyowashwa.

"Mbona haziwashwi?" nilimuuliza mwenyeji wangu. Huyu alikuwa Bi. Asumini, msimamizi wa bweni, mwanamke mrefu mwenye bunda la funguo kiunoni na sauti ya mtu aliyezoea kusoma matangazo.

"Kuwashwa?" alisema. "Mgeni, hizo ni taa za kuokolea umeme. Ukiziwasha utakuwa umeokoa nini?"

Kila mlango wa chumba umefungwa mita. Si kama zetu zinazojificha nyuma ya nyumba. Mita ya Wastani iko usawa wa macho, ina kioo, na ndani ya kioo kuna uso. Chumba kikitumia umeme kidogo kuliko vyumba vingine, uso unatulia na jani la kijani linachomoza juu yake. Kikitumia zaidi, uso unakunja ndita, na wapita njia wote wanauona. Hapo mwanzo, waliniambia, watu walicheka tu. Siku hizi hawacheki. Wakikutana asubuhi kwenye ngazi husalimiana hivi:

"Chini?"

"Chini kabisa."

"Ushuke zaidi."

Siku ya pili nilipelekwa kwa Bwana Makame, Msoma Mita Mkuu. Ni mtu mpole, amevaa shati lililopigwa pasi ya makaa, maana pasi ya umeme ni aibu kwa cheo chake. Alinieleza sheria kuu ya nchi: hairuhusiwi chumba chochote kuwa juu ya wastani. Kila Jumamosi wanapiga hesabu upya. Vyumba vilivyo juu vinaonywa, vinashuka, na wastani unashuka navyo.

"Na baada ya hapo?" niliuliza.

"Baada ya hapo tunakuta vingine viko juu."

"Vingapi, Bwana Mkubwa?"

"Kama nusu hivi." Alihema. "Miaka kumi na moja sasa, kila Jumamosi, kama nusu hivi. Ndiyo maana hatuchoki kuwahimiza."

Nilitaka kusema kitu kuhusu lile somo la wastani mwalimu wetu alilotufundisha Jumanne ile ya mvua, lakini nilikuwa mgeni. Badala yake nikaomba nionyeshwe chumba bora. Tulikwenda pamoja mpaka chumba cha kumi na nne. Uso wake ulikuwa umetulia mno, na majani yalikuwa yamejaa kioo kizima. Wanafunzi watatu waliokuwa wakipita walivua kofia.

"Ameshinda mara tano mfululizo," alisema Bwana Makame kwa sauti ya chini. "Hajawasha kitu."

"Naweza kumsalimia?"

"Hayupo. Aliondoka miaka mitatu iliyopita. Lakini tabia yake imebaki."

Ndugu zangu, naandika nilichokisikia.

Siku ya tatu, jioni, nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha wageni kando ya ofisi ya Bi. Asumini, nikasikia mtoto analia. Sauti ilikuwa ya mbali, imefunikwa na kitu, kama mto au shuka. Nilikwisha kumwachisha Subilaga ziwa siku nyingi, lakini kifua kikanivuta kama juzi. Nikainuka bila kuvaa viatu. Niliifuata ile sauti mpaka chumba cha tisa. Uso wa mita yake ulikuwa umekunja ndita kweli kweli.

Nikabisha. Nikasema kwa upole, "Mwenzio. Mimi pia mama."

Aliyefungua alikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, kanga begani, kitabu cha anatomia mkononi na kichanga ubavuni. Jina lake Siwema. Mtoto anaitwa Zawena, miezi saba, hana jino hata moja. Siwema alirudi naye kutoka likizoni kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwachia. Alikuwa amebakiza siku tisa afanye mtihani wa mwisho wa uuguzi. Jengo zima lilijua. Majirani walikuwa wakiimba kwa sauti kila mtoto alipolia, na kwa binadamu siri ilitunzika. Mita ndiyo iliyosema.

"Nilikuwa natumia hita ya kutumbukiza kwenye ndoo," aliniambia, akinionyesha waya umeviringishwa chini ya kitanda. "Kila akitaka kuoga, kila maziwa yakipoa. Sikujua, dada. Nilipoangalia kioo ndipo nikaona: hita ile inakula kama taa kumi na tano. Basi sasa nachemsha mara moja tu asubuhi, natia kwenye chupa ya chai, siku imekwisha."

"Kwa hiyo mita imekusaidia."

"Imenisaidia, nisiseme uongo. Nimepunguza nusu nzima. Lakini wiki hiyohiyo na wenzangu walipunguza, basi ndita zikabaki palepale." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Na taa siwezi kuizima mapema. Siwezi kusoma akiwa macho. Nasoma akilala, na akilala giza limeshaingia."

Mlango wa pili ukafunguka, kichwa kikachomoza. Alikuwa Mwantumu wa chumba cha nane, binti mwenye maneno.

"Siwema, mwanao leo kaimba peke yake, sisi koo zimetukauka," alisema. "Na huyu mgeni naye ni wa kushitaki au wa kubeba?"

"Wa kubeba," nilisema, nikanyoosha mikono.

Sikupewa. Zawena alinitazama, akajificha kwenye shingo ya mama yake. Nikairudisha mikono yangu.

Asubuhi yake barua ilikuwa imepachikwa mlango wa tisa. Siwema anaitwa mbele ya Baraza la Bweni, pamoja na "chanzo cha matumizi".

Baraza lilikaa kesho yake kwenye ukumbi wa chakula, mapazia yamefunguliwa ili mwanga wa jua uingie bure. Walikuwepo wajumbe saba, Bwana Makame katikati, karani mmoja na wanafunzi wengi wamesimama ukutani. Niliruhusiwa kukaa benchi la mbele kwa heshima ya ugeni. Suala lilikuwa moja: Zawena ni nini?

Msije mkacheka. Fomu zao zina safu mbili tu, Mkazi na Kifaa. Mkazi ni mwanafunzi aliyeandikishwa. Kila kingine chumbani kinachosababisha umeme kutumika ni Kifaa. Mtoto hakuandikishwa. Mtoto anasababisha umeme kutumika. Mjumbe mmoja alisema jambo liko wazi, ni kifaa, tena cha daraja la hita, na vifaa vya daraja hilo vinapelekwa stoo mpaka muhula uishe. Mjumbe wa pili alipinga kwa ukali: hita ina swichi, huyu hana. Wakabishana kuhusu swichi kwa muda mrefu. Zawena wakati huo alikuwa anatafuna ncha ya kanga.

"Stoo yenyewe ni nzuri," alisema Bwana Makame, na naamini alitaka kumfariji. "Kuna mama anayeiangalia. Atapewa lebo, na siku ya kufunga utamchukua. Mtihani umebakiza siku saba tu, binti. Au umpeleke kwenu, nawe urudi mwakani kufanya mtihani."

"Mwakani nafasi yangu itakuwa ya mwingine, Bwana Mkubwa," alisema Siwema. "Na stoo simpeleki."

"Basi unataka nini?"

"Nataka kufanya mtihani. Na nataka nikitoka nimkute pale nilipomwacha. Mambo mawili tu."

Wajumbe walitazamana kama watu walioombwa mwezi. Ndipo Bwana Makame akanigeukia.

"Mgeni, tumeambiwa nawe ni mzazi."

"Ndiyo, Bwana Mkubwa. Nina binti wa miaka miwili na nusu."

"Yuko wapi?"

"Kwa bibi yake, mama yangu mzazi. Ninakosoma mjini, nyumba tunayokaa haipokei watoto."

"Nawe unasoma?"

"Nasoma jioni."

"Unafaulu?"

"Nafaulu."

Akawageukia wenzake, mikono wazi. "Mmesikia wenyewe. Inawezekana."

Siwema alinitazama. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama kama mtu aliyeona mlango unafungwa na mkono wa ndugu. Nikasimama.

"Naomba niongeze, Bwana Mkubwa."

"Ongeza, kwa ufupi."

"Inawezekana. Nimeiweza mwaka mmoja na miezi minne. Ila hamkuniuliza inawezekana vipi. Ukurasa mmoja nausoma mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza niko nyumbani. Siku moja mama alinipigia simu akasema mtoto ameanza kusema sentensi. Nikamuuliza, sentensi gani? Akasema, wee, nimesahau, amesema maneno mengi leo. Mwezi wa nne nikapata nafasi nikaenda. Nilimkuta anacheza uani. Aliacha mchezo wake, akaja mbele yangu kwa adabu, akaniambia shikamoo. Kisha akakimbia ndani kumwita bibi yake, akisema, bibi, kuna mgeni." Nilikuwa nimejiahidi nisilie mbele ya watu wa nchi nyingine. "Basi inawezekana hivyo. Nilitaka muandike na hilo."

Karani aliinua kalamu.

"Hiyo niiandike uniti ngapi, Bwana Mkubwa?"

Bwana Makame alifikiri. "Haina mita," alisema mwishowe. "Acha nafasi wazi."

Hapo Bi. Asumini, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake, akakohoa. Alisema yeye si mjumbe, ila ameisoma sheria ya bweni miaka ishirini, na sheria inasema mwanafunzi ni mtu aliyeandikishwa. Haisemi ana meno mangapi. Tena, aliongeza, akiangalia dari, matumizi ya chumba hugawanywa kwa idadi ya wakazi. Chumba cha tisa kikiwa na wakazi wawili, kila mmoja atahesabiwa nusu, na nusu hiyo ni ndogo kuliko chumba chochote chenye mtu.

Wajumbe walianza kunong'ona. Kumbe mashindano ya mabweni ya kuokoa umeme yalikuwa yanamalizika Jumamosi ile. Bwana Makame akachukua kalamu ya karani, akapiga hesabu kwenye kiganja chake, akapiga tena.

"Aandikishwe," alisema.

Saa nane mchana Zawena alikuwa na namba ya uanafunzi na kitambulisho chenye picha, amefumba jicho moja. Jioni uso wa mlango wa tisa ulikunjua ndita na jani likachomoza. Mwantumu alipita, akavua kilemba chake.

"Shikamoo, msomi," alimwambia mtoto. "Wenzio tumesota miaka kumi na miwili kufika hapa, wewe umekuja kwa mbeleko."

Siwema aliwasha taa ya dawati. Ilikuwa taa pekee katika ghorofa ile. Baada ya muda nikasikia hatua: mmoja, wawili, wanne, wanakuja na vitabu vyao kifuani. Hawakuomba ruhusa, walikaa tu sakafuni kuizunguka. Nilikaa nao. Sikuwa na mtihani, lakini mwanga ule nilikuwa na kiu nao. Kila siku walikuja hivyo, mpaka mita za vyumba vingi zikasoma sifuri, na barua ikatoka kwa Bwana Makame ikiuliza kwa wasiwasi kama wanafunzi wa ghorofa hiyo wamehama.

Kosa lao la mwisho hakuna aliyeliona mapema, hata Bi. Asumini. Mwanafunzi aliyeandikishwa sharti afanye mtihani.

Asubuhi ya mtihani majina yalibandikwa ukumbini, na la Zawena lilikuwemo, meza ya arobaini na moja. Siwema alipewa meza ya pili. Watahiniwa wa chumba kimoja hawakai karibu, wasije wakatazamiana. Zawena aliketishwa kitini, akafungwa kwa kanga asianguke, akawekewa karatasi ya maswali, penseli na kifutio. Nilibaki nje ya ukumbi, kwenye benchi, dirisha likiwa wazi. Bi. Asumini ndiye aliyekuwa akisimamia. Alisoma masharti kwa ile sauti yake: ni marufuku mtahiniwa kuzungumza na mtahiniwa mwingine, kumsaidia, au kuondoka kwenye meza yake kumwendea. Atakayefanya hivyo karatasi yake itafutwa.

Kwa robo saa Zawena alikula kifutio. Kisha akakiangusha. Akatazama chini, akatazama huku na huku, akamwona mama yake kwa mbali, kisogo tu. Akaanza kulia.

Mnajua kuna kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Hiki kilikuwa kile cha kuona mgongo. Niliona mabega ya Siwema yakikaza. Kalamu yake ilisimama. Watahiniwa wengine nao waliacha kuandika, maana ndio waliomwimbia miezi miwili, na sasa hawaruhusiwi kufungua kinywa. Siwema aliweka kalamu mezani, taratibu, akashika ukingo wa kiti. Nilijua anachotaka kufanya. Mimi mwaka mmoja na miezi minne sikukifanya. Nilisema kimya, usisimame, na hapohapo nikasema, simama, na sijui mpaka leo lipi nililimaanisha.

Bi. Asumini alikuwa ameshafika meza ya arobaini na moja.

Alimtazama mtoto kwa muda. Zawena alimnyooshea mikono.

"Mtahiniwa ameinua mkono," alitangaza Bi. Asumini. "Ameinua yote miwili. Anaomba kutoka nje. Masharti yanaruhusu, akisindikizwa. Wengine endeleeni na kazi."

Alifungua ile kanga, akambeba kama mtu anayebeba sinia lililojaa, akaja naye mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Alisita, kwa sababu sheria ndiyo chakula chake.

"Msimamizi haruhusiwi kuacha ukumbi," aliniambia kwa sauti ndogo. "Shika. Mimi sijakuona."

Safari hii Zawena hakujificha. Alikuwa amechoka kulia, akaweka shavu lake begani kwangu, lenye unyevu, na harufu ya kifutio. Nilitembea naye, huku na huku, mbele ya dirisha, ili kila Siwema akiinua kichwa atuone. Aliinua mara moja. Alituona. Akainama, na sikumwona akiinua tena mpaka kengele ilipolia. Nilimbeba kwa muda wa saa mbili na nusu, na mkono ulikufa ganzi nisiubadilishe, kwa sababu alikuwa amelala upande huo. Alikuwa mwepesi. Wangu sasa ni mzito zaidi, nadhani. Uzito wake wa sasa siujui, ndugu zangu. Sijambeba tangu mwezi wa nne, na siku ile aliniamkia shikamoo.

Siwema alitoka wa kwanza. Hakusema ameandika nini. Alimchukua, akamnusa kichwani, akaniambia, "Ahsante, dada," akakaa chini palepale sakafuni kumnyonyesha. Matokeo yalikuja kabla sijaondoka: Siwema kafaulu, Zawena kapata sifuri na anatakiwa kurudia mwaka. Mwenye kurudia mwaka ana haki ya chumba. Basi Siwema, aliyetakiwa kufungasha, sasa anakaa chumba cha tisa kama mlezi wa mwanafunzi, huku akitafuta kazi hospitali ya hapohapo.

Sasa ripoti mliyoiomba. Mita ni chombo kizuri. Zikija kwetu tuzipokee, maana hita kweli inakula, na mtu hawezi kupunguza asichokiona. Ila tuzifunge zituambie tumetumia nini, halafu sisi wenyewe tuambiane kwa ajili ya nini. Hilo ndilo pendekezo langu, na limeishia hapo.

Lililobaki si la ripoti. Nimeandika barua hii nikiwa stendi. Siji huko moja kwa moja, napitia kwa mama kumchukua Subilaga. Mwenye nyumba nimeshamwambia kwa simu. Akikataa nitatafuta kwingine. Subilaga hanijui vizuri, huenda akalia siku za mwanzo, nitavumilia, na ninyi mnivumilie. Jumatatu nitakuja naye darasani. Atahitaji kukaa mahali anaponiona usoni. Tumebanana, najua. Naomba mmoja wenu asogee kidogo.